Vitafunwa vya Matunda na Oti Bila Oveni: Siri Yote Iko Kwenye Maji

Leo tunatoka kidogo shambani tuingie jikoni, lakini usikimbie, maana mambo ya jikoni leo yanagusa mfuko wako moja kwa moja.

Sisi tulioko ukanda wa Pwani tunajua msimu wa maembe unavyokuwa, kuanzia Novemba hadi kama Februari. Yanaiva yote kwa pamoja. Lori la kwenda Dar es Salaam linachagua yale makubwa yasiyo na alama, na yanayobaki yanashushwa bei kila siku mpaka yanaoza. Ndizi nazo hivyohivyo. Zikishaanza madoa meusi, mnunuzi anageuza uso. Sasa ukweli ni kwamba tunda lenye madoa halijaharibika. Mara nyingi ndilo tamu kuliko yote, limekosa soko tu.

Wakati huohuo mtoto wa mkulima huyohuyo anapewa mia tano akanunue biskuti dukani. Yaani tunda letu linaoza nyuma ya nyumba, na hela yetu inaenda kununua sukari iliyotoka mbali.

Ndiyo maana vijana wengi ninaowatembelea siku hizi wananiuliza kuhusu vile vitafunwa vya matunda na oti visivyohitaji oveni. Wameviona mjini, vimefungwa vizuri, vinauzwa kwa watu wa mazoezi na wa maofisini. Wanauliza: afisa, sisi tukiwa na matunda yetu, hatuwezi kutengeneza? Jibu ni kwamba unaweza, na ukiwa na sufuria, kisu, sinia na mikono misafi umeshaanza. Lakini kuna jambo moja ukilikosea mzigo wote unaharibika. Jambo hilo ni maji. Tulifuate mpaka mwisho.

Kwanza, kwa nini oti hazihitaji kuokwa?

Oti ni zile nafaka bapa, nyeupe kama makapi laini, zinazouzwa kwenye pakiti na makopo, ambazo watu wengi wanazipikia uji. Sisi hapa hatuzilimi kwa wingi, nyingi zinatoka nje. Zinalika bila kupikwa kwa sababu kiwandani punje zake zimepitishwa kwenye mvuke wa moto kabla ya kubanwa zikawa bapa. Kwa hiyo zimeshapata moto, ingawa wewe hukuuona.

Usichukue unga mbichi wa mahindi au wa mtama ukadhani ni kitu kilekile. Huo haujapikwa. Ukitaka kupunguza oti na kuweka nafaka yetu, tumia bisi za mtama, ufuta uliokaangwa, au unga wa ulezi uliokaangwa kwenye moto mdogo mpaka utoe harufu nzuri. Theluthi moja ya oti unaweza kuibadilisha bila kuharibu mshikamano.

Na usione kitu hiki kama cha ajabu. Kashata zetu za karanga na za nazi hazijawahi kuingia oveni. Hivi ni ndugu zake, tofauti ni kwamba kashata inashikwa na sukari iliyopikwa, na hivi vinashikwa na tunda, asali na siagi ya karanga.

Adui yako ni maji

Angalia kiasi cha maji kilichomo kwenye vitu tunavyotaka kuchanganya:

- Embe, nanasi na papai mabichi: asilimia 83 hadi 88
- Ndizi mbivu: asilimia 75 hivi
- Tende kavu: asilimia 20 hivi
- Zabibu kavu: asilimia 15 hivi
- Oti kavu: asilimia 10 hivi

Ukungu na bakteria wanahitaji maji ili waishi. Asali ina maji karibu asilimia 17 hadi 20, lakini haiozi, kwa sababu sukari nyingi iliyomo imeyashika maji hayo na vijidudu hawayapati. Tende na zabibu kavu zinajilinda kwa njia hiyohiyo. Lakini ukikata embe bichi ukalitia kwenye mchanganyiko, umeingiza maji yasiyoshikwa na kitu. Oti zitayanyonya, kitafunwa kitaonekana kimekauka kwa nje, kumbe ndani ni shamba la ukungu.

Kikundi kimoja cha vijana ninachokitembelea kilitengeneza vidonge vizuri sana vya oti na embe bichi lililokatwa vipande vidogo. Siku ya kwanza vilisifiwa na kila aliyeonja. Siku ya tatu vikaota ukungu wa kijani ndani ya pakiti, dukani kwa mtu. Mwenye duka hakurudisha mzigo tu, alikataa na bidhaa nyingine za kikundi kile. Vijana wale walikuwa wasafi na mikono yao ni mizuri. Kilichowaangusha ni maji ya embe.

Kwa hiyo shika kanuni hii: tunda bichi ni la kula leo, tunda kavu ni la kuhifadhi na kuuza. Nakupa aina zote mbili.

Aina ya kwanza: vidonge vya ndizi mbivu (vya kula nyumbani)

Mahitaji:
- Ndizi mbivu 2 za ukubwa wa kati, zenye madoa
- Oti vikombe 2 (kikombe cha mililita 250)
- Siagi ya karanga vijiko 3 vya chakula
- Chumvi kidogo sana
- Nazi iliyokunwa na kukaushwa kwenye kikaango, ya kuvingirishia

Ponda ndizi kwa uma mpaka zilainike. Changanya na siagi ya karanga na chumvi, kisha tia oti. Funika uache dakika 20 hadi 30. Usiruke hatua hii, ndipo oti zinaponyonya maji ya ndizi na mchanganyiko unashikana. Ukiona bado unanata sana mikononi, ongeza oti kidogo. Finyanga vidonge vya ukubwa wa ndimu ndogo, vingirisha kwenye nazi, basi.

Hakuna sukari wala asali hapa, utamu wote ni wa ndizi. Ukiwa na friji, vile ndani ya siku mbili. Kama huna friji, tengeneza asubuhi, viishe siku hiyohiyo. Hivi usiviuze kwa mtu atakayeviweka kwenye kabati. Ni chakula cha watoto wakirudi shule, na cha wewe mwenyewe kwenda nacho shambani.

Kabla ya aina ya pili: kausha tunda lako

Hapa ndipo mkulima ana nafasi ambayo mtu wa mjini hana. Maembe, nanasi na ndizi zilizokosa lori zinaingia kwenye kaushio.

1. Chagua tunda lililoiva lakini bado gumu kidogo. Lililooza au kuchacha tupa kwenye mboji.
2. Osha kwa maji safi kabla ya kumenya. Uchafu wa ganda unahamia kwenye kisu, na kisu kinaupeleka ndani.
3. Kata vipande vyembamba vya milimita 5 hivi, vyote vilingane. Kipande kinene kinakauka nje na kubaki na maji ndani.
4. Loweka dakika 5 hadi 10 kwenye maji safi yenye ndimu ili rangi isiwe nyeusi.
5. Panga kwenye wavu safi ndani ya kaushio la jua, vipande visipandane. Kwa jua kali siku mbili hadi tatu zinatosha. Usiku ingiza ndani, maana hewa yetu ya Pwani ina unyevu mwingi na tunda litanywa maji upya.
6. Pima kwa mkono. Kunja kipande: kikikunjika kama ngozi bila kuvunjika, na ukikibana hakitoi majimaji wala hakinati, kimekauka.

Usianike juu ya bati wala kando ya barabara. Vumbi na nzi havitoki tena.

Halafu kuna hatua ambayo wengi hawaijui. Tunda likishakauka, lijaze kwenye chupa kubwa ya kioo mpaka robo tatu, funga vizuri, na tikisa kila siku kwa wiki moja. Vipande vikavu sana na vile vyenye unyevu vitagawana maji yakawa sawa. Ukiona ukungu wa mvuke au matone ndani ya kioo, rudisha vyote kwenye kaushio. Hicho ndicho kipimo chako cha bei nafuu kuliko vyote.

Mavuno yakoje? Kilo 10 za maembe mazima zinakupa nyama kama kilo 6 baada ya kutoa ganda na kokwe. Zikikauka unabaki na kilo 1 hivi. Maembe madogo yenye kokwe kubwa yanatoa pungufu. Usishtuke, ulichopoteza ni maji.

Aina ya pili: vipande vya tunda kavu (vya kuhifadhi)

Mahitaji:
- Oti gramu 180 (vikombe 2)
- Embe kavu gramu 75, lililokatwa vidogo sana
- Tende zilizotolewa kokwe gramu 75
- Siagi ya karanga gramu 125 (nusu kikombe)
- Karanga zilizokaangwa na kupondwa gramu 70 (nusu kikombe), au korosho kama unazo
- Asali gramu 80 (robo kikombe)
- Chumvi kidogo

Kaanga oti kwenye sufuria kavu kwa moto mdogo dakika 5 hadi 7 huku ukigeuza, mpaka zinukie. Hatua hii inaondoa unyevu zaidi na kuongeza ladha. Acha zipoe. Twanga tende kwenye kinu au zisage kwenye blenda mpaka ziwe kama donge. Usiziloweke kwenye maji ili zilainike, utakuwa umerudi kulekule tulikotoka. Kama ni ngumu, ziweke dakika chache juani ndani ya bakuli lililofunikwa.

Pasha asali na siagi ya karanga pamoja kwa moto mdogo mpaka vilegee, epua, tia donge la tende, kisha vitu vikavu vyote. Changanya kwa mwiko, malizia kwa mikono. Paka sinia lenye kingo mafuta kidogo, mwaga mchanganyiko, kandamiza kwa nguvu kwa chupa au kitako cha kikombe. Usipokandamiza vizuri vitavunjikavunjika. Acha kwenye friji saa moja au mbili, au mahali pa baridi usiku mzima ukiwa umefunika. Kata vipande 20, kila kimoja gramu 30 hivi.

Hifadhi kwenye chombo kisichopitisha hewa. Kabla hujaandika tarehe yoyote kwenye lebo, weka vipande vyako kadhaa kabatini, fungua kimoja kila baada ya siku mbili, nusa, onja, andika kwenye daftari. Karanga zina mafuta, nayo yakikaa sana yanachacha hata kama ukungu haupo. Muda wa kuuza uandike kwa majaribio yako, usiukopi kwenye pakiti ya mtu.

Hakuna moto wa kukusaidia

Mkate ukiokwa, moto unaua vijidudu vingi. Hapa baada ya kuchanganya hakuna moto tena. Ulichoingiza kwa mkono ndicho mlaji anachokula. Kwa hiyo osha mikono kwa sabuni, kata kucha, funika nywele, na anayeharisha au mwenye kidonda mkononi asiguse kazi siku hiyo.

Karanga nazo ziangalie kwa macho mawili, sababu ni sumukuvu. Unakumbuka mwaka 2016 watu walifariki Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumu hii. Karanga ni miongoni mwa mazao yanayoshambuliwa sana. Chambua punje mojamoja: iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyoota ukungu, yenye uchungu, toa. Usijipe moyo kwamba utakaanga, kukaanga hakuimalizi sumukuvu.

Kwa watoto: mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe chochote chenye asali, na walio chini ya miaka mitano wasipewe karanga nzima, zinaweza kuwakaba. Kuna pia watu wanaodhurika na karanga hata kwa kiasi kidogo, kwa hiyo kwenye lebo andika wazi kwamba kuna karanga.

Je, kweli vina afya?

Nakujibu kama ninavyowajibu vijana wangu. Oti zina nyuzinyuzi nzuri zinazosaidia kupunguza lehemu kwenye damu. Karanga zina protini. Tunda kavu lina nyuzinyuzi na madini. Kwa biskuti ya kawaida hivi ni bora.

Lakini sukari ya tende na ya asali bado ni sukari. Kwa hesabu ya mahitaji haya, kipande kimoja cha gramu 30 kina sukari kama gramu 8, sawa na vijiko viwili vya chai, na nguvu ya kilokalori 125 hivi. Soda ya mililita 350 ina sukari zaidi ya mara nne ya hiyo. Kwa hiyo kipande kimoja au viwili kwa siku ni vizuri, sinia zima si afya tena. Na usimwambie mteja mwenye kisukari kwamba hivi ni dawa. Kuna wanaofanya hivyo, wewe usiwe mmoja wao.

Hesabu kabla ya kuuza

Sasa tuje kwenye biashara. Bei hizi ni za mfano, weka za soko lako. Tuseme umenunua kila kitu dukani na kutumia tende tupu bila embe:

- Oti gramu 180, pakiti ya gramu 500 ikiwa sh 6,000: sh 2,160
- Tende gramu 150, kilo ikiwa sh 8,000: sh 1,200
- Siagi ya karanga gramu 125, kopo la gramu 400 likiwa sh 5,000: sh 1,560
- Karanga gramu 70, kilo ikiwa sh 4,000: sh 280
- Asali gramu 80, kilo ikiwa sh 12,000: sh 960
- Vifungashio 20 kwa sh 50: sh 1,000

Jumla ni sh 7,160. Ukiuza kipande sh 500, ukauza 14 tu kati ya 20, umepata sh 7,000. Umekula hasara, na bado hujajilipa jasho lako. Faida inaanza kipande cha 15.

Sasa saga karanga mwenyewe. Gramu 130 za karanga kwa sh 520 zinakupa siagi ya sh 1,560. Nusu ya tende ibadilishe na embe lako kavu, ambalo tuseme umelipigia hesabu ya sh 6,000 kwa kilo, ukiwa umelipia maembe na kazi yako pia. Jumla inashuka hadi sh 5,970, na mtaji unarudi kwenye kipande cha 12.

Umeona pesa kubwa imeokolewa wapi? Kwenye karanga. Wengi wanadhani kwa kuwa tunda ni lao basi faida imeshapatikana, wanasahau kopo la siagi wanalonunua kila wiki. Embe lako linakupa kitu kingine: ladha ambayo mwenzako wa mjini hana, na njia ya kuuza mwezi Mei tunda ulilovuna Desemba. Hilo linawezekana kwa sababu umelitoa maji.

Ukitaka kwenda rasmi

Anza na sinia moja kwa familia na majirani kwa mwezi mzima. Ukiona wanarudi kuuliza, nenda ofisi ya SIDO ya mkoa wako kwa mafunzo ya usindikaji na utambulisho wa mjasiriamali mdogo. Usajili wa bidhaa na jengo la chakula uko chini ya TBS tangu 2019, na jina la biashara unasajili BRELA. Mkiwa kikundi, ulizeni halmashauri kuhusu mikopo ya asilimia 10, ambamo asilimia 4 ni fungu la vijana. Mkienda na daftari la hesabu na la majaribio ya kuhifadhi, mtasikilizwa tofauti na wale wanaokwenda na wazo tu.

Msimu ujao, kabla lori halijafika, tenga kreti moja la maembe yasiyo na soko. Kausha, yaweke kwenye kioo wiki moja, angalia kama kuna matone. Kioo kikibaki kikavu, una malighafi.

Ukikwama kwenye kaushio au kwenye hesabu, muone afisa ugani wa kata yako, ndiyo kazi yetu. Kilimo ni biashara, na biashara ni hesabu.